Ogopa Huku Unatembea

Jumamosi, 4 Mei 2024

Mhariri wa Dar alipiga simu nikiwa nimepakata betri ya Fuso. Akasema riwaya yangu wataichapa. Niliiweka betri chini taratibu kama mtoto aliyelala, nikamwomba arudie. Akarudia. Wataichapa, ila sura za mwisho zimepwaya. Nizirekebishe kabla ya Septemba, ili kitabu kitoke Oktoba, Zambia itakapotimiza miaka sitini ya uhuru.

Ndiyo maana nimeanza shajara hii. Kwa miaka mitatu nimeandika mambo ya watu wengine. Msimu huu nataka niwe na pahala pa kuandika yangu.

Mimi ni Sabra binti Uledi. Nauza vipuri vya malori hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori kwenye mpaka wa Zambia. Baba yangu alitoka Ujiji, mama Tanga, mimi nimezaliwa hapa hapa. Riwaya yangu inahusu viongozi watatu wa mapambano ya mwaka 1961 ng'ambo, wakati Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini: mwalimu Shadrack Simfukwe, dereva Amoni Sichone, na msichana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Nesta Namwinga. Amoni alipigwa risasi darajani akafa. Shadrack alifungwa, akatoka, akawa mkubwa serikalini. Uzeeni alihamia huku kwa wakwe zake, akazikwa Tunduma. Nesta yu hai. Aliolewa na mkulima wa Kinyiha, na mpaka leo anachuma kahawa Isansa.

Nilimpigia mume wangu, Twaibu, aliye njiani kwenda Kongo na lori la saruji. Akasema, "Hongera mke wangu. Ile betri imeuzika?"

Huyo ndiye Twaibu.

Jumamosi, 11 Mei

Isansa. Nimekuja kwa Bibi Nesta, nizirekebishe sura za mwisho. Mibuni imeinama kwa uzito, nyekundu kila mahali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na mikono?"

Nikamwonyesha. Akanifunga ndoo kiunoni kwa kanga, tukaanza. Bibi Nesta hasimulii akiwa amekaa. Ukisimama kuandika, naye ananyamaza. Ukichuma, maneno yanakuja. Nikichanganya mbivu na mbichi anazitoa kwenye ndoo yangu moja moja na kunirudishia kiganjani bila kusema kitu.

Leo amenisimulia walivyochoma vitupa, vile vyeti vya utambulisho ambavyo mtu mweusi alitakiwa kutembea navyo kila aendako. Shadrack alihutubia, Amoni alileta petroli. "Na mimi ndiye niliyewasha," akasema. "Wanaume walikuwa bado wanajadiliana nani awashe."

Jumamosi, 18 Mei

Amenisimulia habari ya daraja na kifo cha Amoni. Hakulia. Alichuma mti mmoja mpaka ukabaki majani, kisha akaurudia tena mti ule ule, hakuna kitu, mikono inatafuta tu.

Jumanne, 21 Mei

Biashara imechangamka. Ng'ambo mvua hazikunyesha, mahindi yetu yanavuka usiku na mchana, malori yanakatika spring.

Jumamosi, 25 Mei

Baridi imeingia. Nimechuma. Bibi alikuwa na mafua, hakusema mengi.

Jumatatu, 27 Mei

Mzee Gibson Simfukwe amepita dukani. Ni mtoto wa Shadrack, mwenye maghala ya nafaka na malori kumi na kitu, mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho ya miaka sitini upande huu. Ameahidi ukumbi siku ya uzinduzi wa kitabu, na ameahidi kununua nakala kwa kila sekondari ya mkoa. "Baba yangu anastahili," akasema. Aliondoka akipiga mluzi. Mtu mwema kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika haraka kabla sijasahau sauti yake.

Leo nilimuuliza Bibi Nesta juu ya kukamatwa kwa Shadrack. Hapa mjini kila mtu anaijua hadithi hiyo: alizingirwa na askari kumi, akapigana nao kwa mikono mitupu mpaka walipomzidi nguvu. Nimeiandika hivyo hivyo katika sura ya tisa.

Bibi akacheka kwa pua. "Shadrack? Yule hajawahi kumpiga hata mbwa."

Kisha akanisimulia. Baada ya daraja, walimficha Shadrack kwenye ghala la mahindi la mama yake Nesta. Ghala lile lilikuwa la miti na udongo, halina dirisha, mlango wake unafungwa kwa nje. Alikaa humo siku kadhaa. Asubuhi ya gulio zikaja habari kwamba askari wameingia kijiji cha jirani, wanapekua nyumba hadi nyumba. Nesta akafungua ghala ili amtoe. Hakutoka.

"Miguu ilikataa," akasema bibi. "Alikuwa amejikunja kwenye kona, makapi yamemjaa kwenye nywele, anatetemeka mpaka mahindi yanaporomoka. Mtu aliyehutubia watu elfu! Ananiambia, Nesta, siwezi. Nendeni, niacheni. Mimi nilikuwa msichana, sikujua la kufanya. Ningemvuta, ni mzito. Ningepiga kelele, tungekamatwa wote. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, unaogopa? Akasema, naogopa sana. Nikamwambia, basi ogopa huku unatembea. Nani kakuambia lazima hofu iishe kwanza?"

"Akatoka?"

"Akatoka. Nikamtwisha kapu la viazi, nikampitisha katikati ya gulio, mchana kweupe, wanawake wa kijiji wametuzunguka wanabishana bei kwa makelele. Alitetemeka njia nzima. Viazi vilikuwa vinaruka. Lakini alitembea mpaka tukavuka huku."

Niliacha kuchuma. Nikauliza: kama alivuka, alikamatwaje basi?

Naye akanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Nikachuma haraka haraka, lakini hakurudi kwenye maneno. "Jua linazama," akasema. "Nenda kwako."

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Mama amepika pilau ya kulisha foleni nzima.

Jumatano, 19 Juni

Nimeiandika upya sura ya tisa, ghala, viazi na yote. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Twaibu amekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, siku ya nne foleni haijasogea, akalalamika upweke. Nikajirekodi nikiisoma, nikamtumia kwenye simu. Hakunijibu hata neno moja. Moyoni nikasema, mwanaume huyu ningemsomea bei ya tairi angenijibu.

Jumatano, 26 Juni

Dereva wa Malawi kaja dukani kununua fan belt. Badala ya kulipa akaniuliza, "Wewe ndiye mama wa ile hadithi? Yule mwalimu walimkamataje?"

Kumbe Twaibu aliituma ile sauti kwenye kundi la madereva bila kuniuliza, nao wakaipeleka kila kona. Nimempigia nikafoka. Akasema kwa upole, "Niliisikiliza mara tatu. Nikaona si haki niisikilize peke yangu."

Nikakata simu.

Jumamosi, 29 Juni

Sikwenda Isansa. Duka limejaa madereva, wengine hawanunui chochote. Wanataka sura ya kumi.

Jumatatu, 1 Julai

Mzee Gibson kaja. Leo hakupiga mluzi. Alisimama mlangoni, akawazuia wateja, akaniwekea simu yake mezani, sauti yangu ikitoka humo: *mahindi yanaporomoka*.

"Dada Sabra. Umemfanya baba yangu mwoga mbele ya madereva wa nchi nane."

"Mzee, nimeandika nilivyosimuliwa na Bibi Nesta. Alikuwepo."

"Bibi wa miaka themanini na kitu! Baba alikamatwa akipigana na askari kumi. Nimekua na hadithi hiyo."

"Alikusimulia yeye mwenyewe?"

Akasita. "Baba hakuwa mtu wa kujisifu. Watu ndio walionisimulia." Kisha akakaza uso. "Na hata hivyo, wewe ni mtu wa kuja. Haya ni mambo ya kwetu."

"Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, mzee. Kama hapo ni kuja, sijui kwetu ni wapi."

Akasema ukumbi nisahau, nakala za shule nisahau, na kwamba atampigia mchapishaji leo leo. Mlangoni alikumba ndoo ya grisi ikamwagika. Hakugeuka.

Niliendelea kuuza huku naogopa mpaka mchana. Nilimkumbuka Shadrack.

Jumatano, 3 Julai

Mhariri kapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga yai. Aidha niondoe sura ya tisa, au nibadilishe majina yote, au nipate ridhaa ya familia.

Nikamwambia nitafikiri.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefikiri.

Ijumaa, 5 Julai

Mama alikuja dukani na chupa ya chai. Jina lake ni Mwanamvita, naye akiamua kushauri, anakaa kwanza. Alikaa.

"Mwanangu, baba yako aliishi hapa miaka arobaini bila kugombana na mwenye mji. Mwache Simfukwe na baba yake. Andika mapenzi, watu wanapenda mapenzi."

"Mama, wewe ulisikiliza ile sauti?"

"Nimeisikia."

"Ukamwonaje Shadrack? Mwoga?"

Mama alimimina chai, akaipuliza kwa muda mrefu. "Nilipokuzaa wewe, mkunga alisema mmoja wetu atakufa. Ningepata mtu wa kuniambia maneno yale ya Nesta..." Akanywa. "Usiitoe," akasema. "Sikukwambia kitu, lakini usiitoe."

Nikampigia mhariri mbele yake. Sura inabaki, na majina yanabaki. Akapumua, akasema basi, dada, bila ridhaa ya familia kampuni haiwezi. Ameiweka pembeni.

Kwa hiyo sina kitabu tena. Nimeuza plagi tano na tairi moja.

Jumamosi, 13 Julai

Nilifika Isansa nikakuta ndoo imelala kwenye mbuni, hakuna mtu. Bibi Nesta yuko hospitali Mbozi Misheni tangu juzi. Kifua. Mjukuu wake Eva alikuwa amekaa kwenye benchi la nje amejifunika blanketi, upepo unakata. Tuliruhusiwa kuingia mmoja mmoja.

Alikuwa mdogo sana kitandani, na mpira wa oksijeni puani. Nilimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwenye shuka, vinachuma.

Nilitaka kumuuliza Shadrack alikamatwaje. Nikaona aibu kwamba hicho ndicho kilichonijia kwanza. Nikakaa tu.

Jumapili, 14 Julai

Bado.

Jumatatu, 15 Julai

Bado. Madaktari wanasema umri.

Jumatano, 17 Julai

Eva kapiga simu analia. Nikavaa ushungi nikiwa nimeshakubali kwamba amefariki. Kumbe analia kwa sababu bibi ameamka, ameomba uji, kisha amemgombeza kwa kuacha kahawa ikiivia mtini.

Nililia na mimi. Dereva wa Burundi aliyekuwa ananunua taa akanipa leso yake bila kuuliza.

Jumamosi, 27 Julai

Mimi, Eva na Twaibu tumechuma kahawa ya bibi kutwa nzima. Twaibu amerudi juzi, na ni yeye aliyejitolea. Anachuma vibaya kuliko mimi. Bibi yuko nyumbani, dirishani, amefungwa mashuka kama mzigo, anatupigia kelele tuache mbichi.

Wakati wa chakula niliwakuta Twaibu na vibarua wawili nyuma ya banda la kukaushia. Alikuwa anawasimulia sura ya tisa. Haisomi, anayo kichwani, neno kwa neno, pamoja na pale ninapovuta pumzi. Nimekaa na mtu huyu miaka kumi na miwili nikidhani hanisikii.

Nilirudi nyuma polepole asinione.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Bibi alikuwa ameruhusiwa kutoka nje. Alikaa kwenye kigoda katikati ya mibuni, blanketi begani, anachuma matawi ya chini tu. Ilikuwa kama saa nne hivi gari kubwa jeupe likaingia, likasimama kwenye matuta ya mboga. Akashuka Mzee Gibson, suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Aliponiona akakunja uso, lakini akampita kila mtu mpaka kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. "Mwana wa Shadrack. Masikio ni yake."

"Bibi, nimekuja uniambie kwa kinywa chako. Huyu dada ameandika kwamba baba yangu alikuwa mwoga. Nataka uniambie ni uongo, nimalizane naye."

"Nitakwambia. Umekuja na mikono?"

Hakuelewa. Bibi akanyoosha kidole kwenye ndoo. Nilidhani ataondoka. Lakini mwanaume wa watu alivua koti, akalitundika kwenye mbuni, na Eva akamfunga ndoo kiunoni kwa kanga yenye maua. Nilijing'ata midomo nisicheke. Akaanza kuchuma. Alichuma vizuri, alikuwa amelelewa shambani.

"Ya ghala ni kweli," akasema bibi. "Alitetemeka. Tulivuka, tukafika huku, tukapewa uji. Alikaa chini akacheka kama mtoto. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi michache kupata uhuru, hakuna ambaye angemtoa kwa askari wa ng'ambo. Alikuwa amepona. Unachuma?"

"Nachuma, bibi."

"Kesho yake watu wakavuka na habari. Askari wamewakusanya wanawake wote wa kijiji, wale waliotuzunguka gulioni, wamewafungia darasani, darasa la Shadrack mwenyewe, pamoja na watoto wa mgongoni. Hawapewi maji mpaka Shadrack aonekane. Baba yako akasikia. Akaweka bakuli chini. Akasimama."

Ndoo ya Gibson ilikuwa imetulia. Bibi akamsubiri mpaka vidole vyake vikarudi kwenye tawi.

"Nikamwambia, kaa. Nimekuvusha kwa shida, ukirudi watakunyonga. Alikuwa anatetemeka kuliko siku ya ghalani, meno yanagongana, maneno hayatoki. Nikamwambia, ona, huwezi hata kusimama! Akasema, Nesta, si wewe uliyenifundisha? Akageuka akaondoka. Peke yake, hana hata fimbo. Nilisimama pale mpakani nikamtukana, matusi yote ninayoyajua, mpaka majani yakamficha. Wale wanawake waliachiwa jioni ile ile."

Nilisikia kahawa zikidondoka kwenye ndoo yangu mwenyewe.

"Hawakumkamata?" akauliza Gibson. Sauti ilikuwa imepungua.

"Nani amkamate? Alijipeleka."

"Na wale askari kumi?"

"Labda walikuwa kumi. Sijui. Walisimama tu wakamtazama akija."

Akaacha kuchuma kabisa. "Kwa nini hakuniambia? Bibi, mimi ni mwanawe wa kwanza. Kwa nini akaniacha nikaimba habari za ngumi?"

"Angekwambiaje habari ya kurudi bila kukwambia habari ya ghala?"

Nikauliza mimi, "Na wewe bibi? Kwa nini ulinyamaza miaka yote hii?"

Aligeuza tawi akalimaliza kwanza. "Alipotoka gerezani wakampa kiti na kipaza sauti. Akamtaja Amoni, akakitaja chama. Wanawake hakututaja hata mmoja. Nikasema moyoni, haya, kaa na hadithi yako. Uzeeni alikuja hapa mara moja, akaleta sukari. Tulikunywa chai. Yeye hakusema, mimi sikusema. Wajinga wawili." Akafuta pua kwa ncha ya blanketi. "Nilimkasirikia kwa kurudi. Lakini kila mwanamke wa kijiji kile aliyezaa tena, alizaa kwa sababu Shadrack alirudi."

Gibson alikuwa amempa mgongo. Mabega yalikuwa yanakwenda. Alipozungumza, aliuambia mbuni, si sisi.

"Baba alikuwa halali mlango ukiwa umefungwa. Hata Juni, baridi hii, mlango wazi. Tulimcheka. Mama alikuwa anatuambia ana joto la damu." Akapumua. "Nami nina woga, bibi. Tangu utoto. Nikipanda jukwaani natafuta mlango ulipo. Nilidhani nimezaliwa mbovu, mtoto wa simba asiye simba. Miaka hamsini na saba najificha."

"Basi wewe ni mwanawe," akasema bibi. "Chuma, mti haujaisha."

Akachuma. Alibaki mpaka jioni, shati limeloa. Alipokuwa anafungua kanga alinigeukia.

"Ile sura usifute hata nukta, dada yangu. Na hii ya leo iandike vile vile. Mchapishaji nitampigia mimi." Kisha akatazama viatu vyake vilivyojaa udongo mwekundu. "Lile neno nililokuambia dukani, la mtu wa kuja. Nisamehe."

Nilimjibu kwamba kama ana shida ya vipuri anajua duka lilipo. Tukacheka wote, hata bibi, mpaka akakohoa.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika. Mama anauza dukani. Amemuuzia mtu filta ya Scania kwa gari la Fuso.

Alhamisi, 22 Agosti

Sura ya kumi imeisha. Nimeiita "Kurudi". Nikamsomea Twaibu uso kwa uso, mara ya kwanza katika maisha yetu. Nilipomaliza akasema, "Hiyo watumie na wao."

"Nani?"

"Foleni. Watu wamesubiri tangu Juni."

Nikaituma mwenyewe. Kabla ya magharibi nikasikia honi. Lori moja, kisha la pili, kisha foleni nzima kuelekea forodhani, honi za malori zikipokezana, mpaka watu wakatoka majumbani kuuliza kumetokea nini. Nilisimama mlangoni mwa duka langu na mikono ina grisi. Twaibu alikuwa anapiga makofi peke yake kama mwendawazimu.

Jumanne, 3 Septemba

Mhariri kapiga simu. "Nimeisoma jikoni, dada Sabra, maharage yameungua na sijali." Kitabu kinakwenda kiwandani.

Jumapili, 15 Septemba

Kahawa ya bibi imekwisha mtini. Imeanikwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Twaibu amefika kutoka Dar na shehena ya mabati. Maboksi ya vitabu aliyaweka ndani ya kebini, kwenye kitanda chake, naye akalala kwenye kiti njia nzima. Nimefungua boksi moja. Kinanukia. Jina langu liko chini, kubwa. Nimekaa sakafuni katikati ya tairi nikakishika tu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ukumbi haukutosha. Waliofungua milango ni vijana wa Mzee Gibson, na watu wakajaa mpaka barabarani, wakulima wa Momba na Mbozi, wafanyabiashara, walimu, madereva walioyaacha malori yao foleni bila hofu kwa sababu leo foleni yenyewe ilikuwa ukumbini. Bibi Nesta alikaa mbele na gauni la bluu alilolinunua yeye mwenyewe Vwawa, amekataa msaada wa mtu.

Ilipangwa nisome mimi. Gibson akasimama, akanyoosha mkono, nikampa kitabu.

Alisoma sura ya tisa. Karatasi ilitetemeka mpaka kipaza sauti kikawa kinanasa mchakacho wake. Mwanzoni watu walidhani ni mitambo. Akaacha kusoma, akasema, "Mnasikia? Huu ni woga wangu. Nimeurithi kwa baba, na leo natembea nao." Kisha akaendelea. Alipofika kwenye sura ya kumi, pale Shadrack anapokanyaga uwanja wa shule, mwanamke mmoja mwenye mvi upande wa nyuma akasimama.

Alikuwa mmoja wa wanawake waliovuka kutoka Nakonde, mji wa ng'ambo, kwa ajili ya sherehe, wamevaa vitenge vya rangi ya bendera yao. Akasema jina lake ni Tabita. Akasema, "Mama yangu alikuwa ndani ya darasa lile. Mimi nilikuwa mgongoni."

Wakasimama wengine pembeni yake, kila mmoja na lake. "Mama yangu pia." "Dada yangu pia." "Mimi tumboni." Walikuwa wengi, wakasogea mbele kati ya viti, wakafika kwa Bibi Nesta, wakapiga magoti. Mzee Gibson aliacha kipaza sauti, akashuka jukwaani, akapiga magoti pamoja nao. Bibi aliwatazama wote. Kisha akanyanyua ngumi yake ndogo iliyopinda kwa kuchuma, na kwa sauti ambayo sikujua anayo akapaza wito wao wa zamani wa kudai uhuru, kumekucha: "Kwacha!"

"Ngwee!" ukumbi ukaitikia, na sijui madereva wa Burundi waliijulia wapi, lakini nao waliitikia.

Vitabu vimeisha. Mama yangu ameuza cha mwisho kwa kukiondoa mkononi mwa Twaibu.

Mchana wanawake wa Nakonde wakasema bibi lazima avuke nao, gwaride bado linaendelea. Hapo ndipo Eva aliponinong'oneza kwamba tangu siku ile ya viazi bibi hajavuka tena. Ndugu zake ndio huja kwake, misiba na harusi. Hakuwahi kusema kwa nini, nasi hatukumuuliza. Gibson akaleta gari jeupe hadi mlangoni, akafungua mlango.

"Nitatembea," akasema bibi.

Tukatembea. Mimi upande mmoja, Gibson upande mwingine, Twaibu na mama nyuma, wanawake wakiimba, madereva wakipisha. Karibu na kituo cha mpakani nilisikia mkono wake ukitetemeka ndani ya mkono wangu. Nilimtazama. Hakupunguza mwendo.

Dirishani alikuwepo ofisa wa Zambia, msichana mdogo, shati limepigwa pasi. Alimsalimu bibi kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, kwa heshima, kisha akauliza kama anavyouliza kila mtu: anaingia Zambia kwa shughuli gani?

Bibi Nesta alijinyoosha, akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta.

"Sherehe ya uhuru," akasema. "Ni ya kwangu. Nimechelewa miaka sitini."